Daftari la Maneno 2,048

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya vijana wanaojifunza kuandika programu. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa mahali pawili patatu niliporudia maneno.

Assalam aleykum. Wageni wetu, karibuni Mombasa. Wazee mlioketi kule nyuma nimewaona, shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Aliyenialika alitaka nieleze nimejenga nini miaka hii yote katika sarafu za kidijitali. Nimelala na swali hilo siku tatu. Kila nikitaka kutaja kazi, linanijia jina la mtu. Basi leo nitasema habari za watu. Majina yao nitayahifadhi, kwa sababu hawakunipa ruhusa ya kuyasema, na mmoja wao yuko mahali ambapo siwezi tena kumwomba ruhusa.

Mwaka 2013 nilikuwa na kibanda cha M-Pesa hapa mjini, karibu na kituo cha matatu. M-Pesa yenyewe ilikuwa na miaka 6, ilianza Machi 2007, na watu walikwisha kuizoea kama walivyozoea unga. Mbele ya kibanda palikuwa na benchi, na benchi lile lilikuwa na mwenyewe: mzee mstaafu, fundi wa simu tangu enzi za kuzungusha namba kwa kidole. Kila siku baada ya swala ya alasiri anakuja, ananunua kahawa chungu, anakaa. Nilimwita Baba. Si baba aliyenizaa, lakini hilo mnalielewa wenyewe.

Kulikuwa na kijana mwanafunzi, mteja wangu. Leo anatoa elfu mbili, kesho anaweka elfu tano, keshokutwa anatoa elfu nane. Nikaingiwa na hofu kwamba namhudumia mwizi. Nikamuuliza. Akageuza simu akanionyesha: anauza na kununua Bitcoin, sarafu ya kidijitali, na watu asiowajua, mmoja yuko Nakuru, mwingine Eldoret, na malipo yanapitia M-Pesa. Mimi sikuelewa kitu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Daftari la hesabu anashika nani?"

Kijana akajibu, "Kila mtu analo."

Baba akaweka kikombe chini. Mtu huyu alifanya kazi miaka mingi mahali ambapo daftari lilishikwa na mkono mmoja, na alijua yanayotokea mkono huo ukikosea, na yanayotokea ukiamua kukosea. Kwa hiyo jibu lile lilimfikia haraka kuliko lilivyonifikia mimi. Bitcoin haina benki. Kompyuta zilizo katika mtandao wake zinashika nakala ya daftari zima, na takriban kila dakika 10 unaongezwa ukurasa mpya, umefungwa kwenye ule uliotangulia, hata ukichezea ukurasa wa zamani, kurasa zote zinazoufuata zinakusema.

Tukaanza kusoma. Yule kijana alituletea maandishi ya kurasa 9 yaliyotolewa na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto tarehe 31 Oktoba 2008. Anasoma aya, anatafsiri, Baba anamsimamisha, wanabishana, mimi nahudumia foleni huku sikio liko kwao. Kurasa 9 zilituchukua wiki mbili.

Kilichonishika mimi hakikuwa hesabu. Kilikuwa kisa cha Hal Finney. Tarehe 12 Januari 2009 Satoshi alimtumia mtaalamu huyo wa Marekani sarafu 10, na huo ndio muamala wa kwanza wa Bitcoin kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwaka uleule Finney akagunduliwa na maradhi ya ALS, yanayoua misuli polepole huku akili ikibaki nzima. Mikono ikafa. Akaendelea kuandika programu kwa macho, mashine ikifuata mboni zake. Mwenyewe alikadiria kwamba kasi yake ilikuwa imepungua mara 50. Na alichokuwa anaandika ni njia ya kulinda zaidi pochi, yaani programu za kushikia sarafu, za watu wengine. Alifariki Agosti 2014. Nilisoma habari zake kibandani, watu wamesimama, nikashindwa kuhesabu pesa ya mteja aliyekuwa mbele yangu. Mtu asiyeweza kujilisha alikuwa bado anaziba nyufa za nyumba ya wenzake. Nikasema moyoni, kama mambo haya yana watu wa namna hii, nataka kuwa karibu nao.

Na msidhani yote yalikuwa ya ng'ambo. Mei 2013, mwaka uleule, katika mtaa wa Bangladesh, hapahapa Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Aliyeshirikiana nao kuzianzisha ni Will Ruddick, Mmarekani aliyesomea fizikia. Hoja yao ilikuwa hii: kuna siku shilingi inakauka mtaani, lakini mandazi yapo, kinyozi yupo, na mwenye mandazi anataka kunyolewa. Kinachokosekana ni kitu cha kupokezana. Basi wanachama wanadhaminiana, wanagawana karatasi, na kila karatasi ni ahadi ya mtu fulani kwamba ikirudi kwake ataipokea. Serikali ikashtuka. Ruddick na wenzake watano wakakamatwa na kushtakiwa. Kesi ikaondolewa mwaka huohuo. Miaka ikapita, karatasi zile zikawa Sarafu, unazituma kwa kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti, kwa kubonyeza nyota na reli, na hesabu zake zikahamia kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja la kurasa zilizofungana. Wakati wa korona Wakenya makumi ya maelfu walikuwa wakizitumia.

Wamijikenda wana neno mweria: leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Nilipompeleka Baba akaone kina mama wanavyolipana kwa Sarafu, alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mweria umevishwa waya." Mimi nimesikia maelezo mengi ya wataalamu tangu siku hiyo, na hakuna lililonikaa kama hilo.

Kundi letu likakua. Kutoka benchi tukawa watu wa simu, wa ujumbe wa usiku. Dada mmoja wa Kisumu, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kaka mmoja aliyezaliwa Goma, muuza vitenge Nairobi, ambaye alitafuta njia ya kuwatumia wazazi wake pesa bila kukatwa nusu njiani. Baadaye mdogo wetu wa Dar es Salaam, aliyeandika programu vizuri kutushinda sote. Mimi nilijifunza kuandika programu kwao, neno kwa neno, nikiwa na miaka 31 na mtoto mgongoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitu kidogo cha kumsaidia wakala kufunga hesabu za siku. Ya pili ilikuwa kutafsiri pochi ya Bitcoin kwa Kiswahili. Zilizofuata hamna haja ya kuzisikia.

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ikatoa tangazo: Bitcoin si fedha halali nchini, haina msimamizi, wananchi wajiepushe nayo. Mwenye jengo lililokuwa na kibanda changu akaja na gazeti mkononi. Hakunifukuza, lakini tangu siku hiyo alinisalimia kama mtu anayemsalimia mgonjwa. Karibu miaka 10 tuliishi hivyo, hatujakatazwa barabara wala hatujaruhusiwa, mpaka sheria ya watoa huduma za mali pepe, zikiwemo sarafu hizi, iliposainiwa Oktoba 2025. Vijana, nyinyi mnaanza na sheria mkononi. Isomeni. Ina mapungufu, na afadhali mapungufu yanayosomeka.

Mdogo wetu wa Dar alikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi haziruhusiwi. Yeye akaacha miamala siku hiyohiyo. Wengine katika kundi walimwambia hakuna atakayejua. Akasema, "Mimi nitajua," akabaki nasi kwa kutafsiri na kufundisha tu, miezi na miezi, asiguse senti. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mambo ya sarafu hizi. Haikuwa ruhusa, na mdogo wetu alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka, akasema, "Dada, wametutaja." Nimewaambia kisa hiki kwa sababu mtasikia wakisema kwamba watu wa sarafu za kidijitali ni watu wa kukimbia sheria. Mimi namjua huyu.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana urafiki ambao haujagombana bado haujulikani uzito wake.

Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, ilifunguliwa tarehe 30 Julai 2015, ikaja na jambo jipya: juu ya daftari la pamoja unaweza kuandika mapatano yanayojitekeleza yenyewe, bila karani. Mwaka uliofuata watu wakachangia mfuko mkubwa ulioendeshwa hivyo, ukiitwa The DAO. Juni 2016 mtu akaona tundu katika maandishi ya mfuko ule, akavuta ether, sarafu za Ethereum, milioni 3.6. Hakuvunja kufuli, mapatano yenyewe, kama yalivyoandikwa, yalimruhusu. Je, ule ni wizi? Tarehe 20 Julai jamii kubwa ya Ethereum ikaamua kubadilisha mnyororo, yaani zile kurasa za daftari zilizofungana, ili wenye mali warudishiwe. Waliokataa wakabaki na mnyororo wa zamani, unaoitwa Ethereum Classic mpaka leo.

Mpasuko ule ulipita katikati ya kundi letu. Yule kijana wa Bitcoin, sasa amehitimu, akasema mapatano ni mapatano. Ukiyavunja leo kwa sababu nzuri, kesho yatavunjwa kwa sababu mbaya, na wewe utakuwa umefundisha njia. Kaka wa Goma akasema anayeingia kwa dirisha lililosahauliwa wazi bado ni mwizi, na kwamba kwao ameona mno maandishi yanayotumiwa kuwanyang'anya watu mashamba. Wakarushiana maneno. Likatoka neno ambalo halikustahili kutoka. Miezi saba hawakusemezana.

Baba akapanda basi. Treni mpya ilikuwa bado kuanza, na mzee alikuwa na miaka 70 na zaidi, mgongo unamuuma. Alikesha barabarani mpaka Nairobi, akawaita wote wawili kwenye hoteli ya chai, mimi nikiwa nimefuatana naye. Hakutoa hukumu. Alimwambia kijana, "Nieleze hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme hivyo ndivyo." Kisha akamgeuzia mwingine. Mnaweza kudhani ni kazi ya dakika kumi. Ilichukua mpaka adhuhuri. Kila mmoja alipojaribu, mwenzake alitikisa kichwa: sivyo, hukunisikia. Kaka wa Goma ndiye aliyefanikiwa kwanza, na alipomaliza kueleza hoja aliyoipinga miezi saba, alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe unaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi." Wakala pamoja. Hawakukubaliana, hata leo hawajakubaliana. Mimi wakati ule nilikuwa upande wa kaka wa Goma. Siku hizi kila nikikaribia kuamua, namwona yule kijana anatikisa kichwa.

Kosa langu mwenyewe nimelichelewesha. Sitaliruka.

Desemba 2017 bei ya Bitcoin ilikaribia dola 20,000. Mnajua jinsi bei ikipanda kila mtu anavyokuwa mwalimu. Chama chetu cha kina mama kilikuwa na watu 14. Waliniamini, kwa kuwa nilikuwa mtu wa mambo haya. Nikawashauri kila mmoja atoe elfu 20, nikaziweka katika soko moja la mtandaoni la kubadilishia sarafu, la nje ya nchi, kwa sababu lilikuwa rahisi kutumia na hesabu zake zilionekana vizuri kwenye simu. Shilingi 280,000. Asubuhi moja ya 2018 ukurasa haukufunguka. Haukufunguka tena. Waliokuwa na funguo za siri za kufungulia sarafu ni wao, sisi tulikuwa na picha ya hesabu.

Watu wa Bitcoin wana usemi: ufunguo si wako, sarafu si yako. Nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeufundisha kwa mdomo wangu.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba, milango 13. Wengine walilia. Mmoja alinifungia mlango, na alikuwa na haki. Nilipofika kwa mkubwa wetu, mama wa umri wa mama yangu, alinisikiliza bila kunikatiza, akasema, "Umetukosea. Jumapili chama ni kwangu. Njoo." Nikasema mama, nitawatazamaje? Akarudia, "Njoo."

Nilikwenda. Nilianza kulipa, elfu mbili, elfu tatu. Ilinichukua karibu miaka mitatu. Sikumwambia mtu nje ya Mombasa, lakini kila mwisho wa mwezi, wiki ya mshahara wa walimu, simu yangu iliingia shilingi 3,000 kutoka Kisumu, na ujumbe wa neno moja: "chaki." Mwezi baada ya mwezi, chaki. Alijuaje? Nadhani Baba alimwambia. Sikuuliza, naye hakusema. Kaka wa Goma alinipa mabunda ya vitenge niuze, faida iende kwa chama, akakataa kupokea hata nauli. Bei ya Bitcoin mwisho wa 2018 ilikuwa imeshuka chini ya dola 4,000, waliokuja kwa ajili ya bei wakawa wameondoka, makundi yetu ya simu yakawa kimya. Ukimya ule uliniacha niwasikie waliobaki.

Sasa daftari.

Kina mama wa chama walipomaliza hasira, hawakusema tuachane na mambo haya. Walisema, "Tufundishe kushika wenyewe." Basi nikaanza kuwawekea pochi kwenye simu zao, pochi ambayo ufunguo wake uko kwa mwenyewe. Ufunguo huo unaandikwa kwa maneno 12. Mfumo wake ulitungwa mwaka 2013, na kati ya watunzi wake ni Marek Palatinus na Pavol Rusnak wa kampuni ya Prague inayotengeneza Trezor, kifaa cha kuhifadhia funguo. Kuna orodha ya maneno 2,048. Mashine inakuchagulia 12 kwa bahati nasibu, kwa mpangilio maalumu, na neno la mwisho linabeba ndani yake kipimo cha kuhakiki mengine. Simu ikipotea, ukiwa na maneno yako 12 unarudisha kila kitu. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda.

Maneno yale ni ya Kiingereza. Mama mmoja wa Likoni aliyanakili kwenye karatasi herufi kwa herufi, kama mtu anayechora ua. Hakujua maana ya hata moja. Miezi baadaye simu ikaanguka baharini, kwenye feri. Akaniletea karatasi, tukaingiza, mashine ikakataa. Kulikuwa na neno ambalo si neno. Nilikaa naye usiku kucha sakafuni kwake, taa ya kandili maana stima ilikuwa imepotea, tunajaribu. Orodha ile imepangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitambua neno, na hicho ndicho kilichotuokoa: makosa mawili yalikuwa mwishoni mwa maneno, hayakutusumbua, na moja lilikuwa katika herufi ya tatu. Alfajiri pochi ikafunguka. Ndani yake mlikuwa na shilingi elfu kumi na kitu. Programu ilikuwa imemwondolea mama yule mtu wa kati. Usiku ule alihitaji mtu wa ubavuni, na sijaona programu ya hilo.

Nilimsimulia Baba. Akauliza, "Kwa nini si Kiswahili?"

Nikamwambia orodha zilizopo ni za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na Kicheki. Akauliza Kicheki kina watu wangapi. Nikasema kama milioni 10. Baba akaenda dukani akanunua daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu.

Kwa miaka miwili kundi letu lilikuwa na kazi hiyo. Msidhani ni rahisi. Jaribuni wenyewe usiku wa leo. Herufi nne za mwanzo lazima zitofautiane katika maneno yote 2,048. Mnaandika kitabu, vizuri. Kitanda? Hapana, "kita" imekwisha kuchukuliwa. Kitambaa, kitasa, kitana, kitalu: vyote vimefungiwa nje na kitabu kimoja. Mwanga ukiingia, mwanzo, mwana na mwangaza wanabaki uani. Mkate ukikaa, mkataba hauna nafasi. Lugha yetu inafungulia milango mbele ya neno, na mfumo ule ulitungwa na watu ambao lugha zao zinafungulia nyuma. Dada wa Kisumu alilifurahia jambo hili kama hesabu. Alikuwa na jedwali ubaoni darasani kwake, na wanafunzi wakawa wanamletea maneno asubuhi.

Halafu masikio. Mtu anayenakili kwa kusikia anaweza kuandika zahabu badala ya dhahabu, na mashine haitajua kwamba ni dhahabu ileile. Wako wanaobadilishana l na r, kwao kura na kula ni majirani, mahari na mahali ni nyumba moja. Tukaviondoa vyote. Neno hatari likaondoka kwa sababu ya wasiotamka h. Kaka wa Goma akasema kwao wanasema feza. Mdogo wetu wa Dar akasema fedha ndiyo sanifu. Baba akasema pesa. Tulibishana jioni nzima kuhusu neno moja la pesa, watu tunaojiita wajenzi wa pesa mpya. Pesa ikashinda, kwa kuwa hakuna anayeikosea.

Jioni zile ndizo ninazozikumbuka nikisikia mtu anataja jumuiya. Mtu yuko Goma amekwenda kuwaona wazazi, mwingine Kisumu umeme umekatika, mwingine Dar mtoto analia nyuma yake, na sote tunauliza kama kandili na kanda zinaweza kukaa pamoja. Zinaweza? Hapana. Kand, kand.

Tulipofika maneno 1,300 mimi ndiye niliyesimamisha kazi. Nilikuwa nimesoma tena maelezo ya mfumo ule, na humo wameandika wazi kwamba kutengeneza funguo kwa orodha zisizo za Kiingereza hakushauriwi kabisa, kwa sababu pochi nyingi zinasoma Kiingereza tu. Nikamfikiria yule mama wa Likoni. Tukimpa maneno ya Kiswahili, na programu yetu ikafa siku moja, atapeleka wapi maneno yake? Tungemfungia nje ya mali yake kwa lugha yake mwenyewe. Niliwaambia wenzangu, ikawa kimya kirefu. Walikubali. Tukageuza kazi: kwa kila neno la Kiingereza tukaandika maana yake kwa Kiswahili na mchoro mdogo, ili anayenakili ajue ananakili nini. Kijitabu hicho ndicho tunachofundishia mpaka leo, na kina mama waliokishika hawakosei herufi kama zamani, kwa sababu mtu hukosea zaidi asichokijua.

Baba alikubali pia. Lakini daftari hakulifunga. Alisema mashine zitajifunza, zina muda. Kila alasiri, baada ya kahawa, neno moja au mawili.

Wako wengine waliokuwa wanasukuma mlango uleule kutoka upande wao. Mwaka 2022 Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini alitoa Machankura, huduma ambayo kwayo mtu anatuma Bitcoin kwa simu isiyo na intaneti, katika nchi kadhaa za Afrika. Nilipoijaribu kwenye kabambe nilitaka sana kumwonyesha mtu fulani. Hakuwepo tena.

Baba alifariki 2021. Nilikuwa sokoni, binti yake mkubwa akanipigia, nikaacha kapu palepale.

Miaka mitatu kabla alikuwa ametuita watatu: binti yake, dada wa Kisumu na mimi. Akaweka akiba yake katika pochi ya funguo tatu, ambayo wawili wowote wakikutana inafunguka, na mmoja peke yake hawezi. Akagawa. Alisema, "Mmoja wenu akifa, sawa. Mmoja wenu akinogewa, sawa." Hatukuzungumzia tena.

Baada ya arobaini tukakutana nyumbani kwake. Dada alikuja na basi la usiku kutoka Kisumu. Tukakaa mkekani, binti akatoa wake, mimi nikatoa wangu. Dada hakuhitajika, lakini hatukutaka kufungua bila yeye. Haikuwa mali nyingi. Kwanza tukalipa deni, kama dini inavyotaka: duka la kona, na muuza kahawa, ambaye alikataa kupokea mpaka binti akamwambia usimwache baba na deni. Kilichobaki kikagawanywa kwa warithi, shehe akiwepo, na kila mwanaye aliona hesabu kwa macho yake kwenye daftari ambalo kila mtu analo.

Kisha binti akaleta lile jingine, la jalada gumu. Baba alikuwa amefika neno la 1,671. Mwandiko unaanza ukiwa wima, wa fundi, na kurasa za mwisho unalala. Katika ukurasa wa mwisho ameandika shubaka, kile kidirisha cha ukutani kisichopenya, ambamo mama zetu waliweka taa na msahafu. Chini yake ameandika shubiri. Herufi nne za mwanzo ni zilezile, na alilijua hilo kuliko sisi sote. Kati ya maneno hayo mawili ameweka alama ya kuuliza.

Binti yake anataka shubaka libaki. Dada wa Kisumu anasema watoto wa leo hawajui shubaka ni nini, wengi wataliandika vibaya, shubiri wanaijua. Kaka wa Goma amesema atakubali lolote, ila tusiamue kwa simu. Mwezi ujao wote wanakuja Mombasa, tutakaa kwenye benchi lile. Daftari nimekuja nalo, liko pale mezani. Nawieni mikono ya mandazi kabla ya kulishika, na mwenye neno linaloanza na herufi nne ambazo hatunazo, kalamu iko ndani.